Mbolea Ndani ya Kupe

Wifi yangu, Janeffer Chepngetich, alitengeneza mashine za kiwanda cha chai kwa miaka ishirini na sita, na katika muda huo wote hakuna karatasi hata moja iliyomwita fundi. Karatasi zilimwita msaidizi wa karakana. Walioitwa mafundi walikuwa wanaume wenye vyeti, na baadhi yao walimfuata hadi kwetu Boito siku ya Jumapili, baada ya ibada, kumwuliza kwa nini feni ya kikaushio inatetemeka. Mimi mwenyewe niliwapikia chai. Janeffer aliwaeleza, na Jumatatu wao wakaandika ripoti na kutia sahihi.

Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka mmoja na mdogo wake Kipkurui, ambaye sasa ni mume wangu. Wote wawili walifaulu, Janeffer kwa alama nyingi zaidi, na nyumba ikaamua kwamba mmoja ataendelea na masomo. Sina haja ya kueleza ni nani. Janeffer akaenda kuchuma majani chai, kisha kufagia karakana, kisha kushika tochi huku wanaume wakifungua mashine, na kwa kushika tochi akajifunza kila kitu ambacho tochi ilimulika.

Mwaka wa 2015 kazi ya karakana ilikabidhiwa kontrakta kutoka mjini, na Janeffer akapewa barua ya kuondoka. Nyuma ya boila, kati ya marundo ya kuni, lilikuwapo gari lililoachwa na meneja mmoja wa zamani: Celica ya mwaka 1979, milango miwili, pua ndefu, majani yamechipuka kupitia penye taa. Janeffer aliliomba. Mtunza stoo alicheka, akaandika kwenye kibali cha kutokea getini: "Vyuma vikuukuu, kimoja." Trekta ikalivuta hadi nyumbani, likasimama katika banda la mabati nyuma ya nyumba ya mama mkwe, ambako Janeffer aliishi kwa kuwa hakuolewa.

Meneja yule alikuwa akiliita gari lake kupe, kama wanavyoita huko kwao gari la michezo la milango miwili, na Janeffer aliendelea kuliita hivyo. Majirani, ambao kila Alhamisi hunyunyizia ng'ombe dawa, walisikia kupe na kucheka hadi wakakaa chini.

"Senge," walikuwa wakimwita kutoka barabarani, kwa jina ambalo watoto wetu humwitia shangazi yao, "kupe wako umempeleka josho?"

"Huyu hanyonyi ng'ombe," alijibu bila kuinua kichwa. "Huyu ananyonya mimi."

Aliwaachia kicheko chao. Mimi aliniambia ukweli mara moja tu, siku tulipokuwa tukipukuchua maharagwe. Nilimwuliza gari likipona atalipeleka wapi, nikidhani atataja kanisani au Bomet.

"Nataka kupita pale geti ya kiwanda nikiwa ndani yake," alisema. "Sisimami. Sipigi honi. Napita tu, naenda Kericho, narudi."

Ndilo jambo alilolitaka. Sijamsikia akitaka jingine.

Kwa miaka minane alilifanyia kazi baada ya kuchuma chai yetu na kukama ng'ombe wetu, kwa sababu binti anayeishi kwao huhesabiwa kuwa hana kazi. Alifungua injini yote akaitandaza juu ya magunia safi, kila kipande na lebo ya karatasi ya daftari. Alisugua vali kwa mkono. Alikwangua kutu hadi chuma kikang'aa, akapaka rangi ya kuzuia kutu mara tatu. Kioo cha taa ya kushoto kilimchukua miaka mitatu kukipata. Kitu kilichomtesa zaidi kilikuwa maji, maana mvua ya Boito haiulizi mtu, na mabati ya banda lile yalikuwa na matundu. Alitafuta raba za milango, zisizokuwapo akazitengeneza, akaziba paa na vioo. Kisha akamwita Kipkurui akae ndani na milango imefungwa, huku yeye akimwaga maji juu, ndoo baada ya ndoo, ndoo kumi na mbili.

Kipkurui alitoka amekauka.

"Haivuji," alisema Janeffer. Sijawahi kumwona akijisifu kabla ya siku hiyo. Alirudia kwa kila aliyepita: "Hata tone haiingii."

Mwanzoni mwa mwaka wa 2023 breki za nyuma ndizo zilizobaki. Baada ya hapo angelipeleka kukaguliwa, kisha barabarani. Mwezi huohuo mama mkwe, aliyekuwa amekwenda Londiani kumtembelea binti yake mdogo, alipooza upande mmoja. Huyo binti mdogo ana mume na watoto. Ikaonekana, bila kikao na bila mtu kuulizwa, kwamba Janeffer ndiye atakayekwenda kumwuguza. Alitoa viti vya gari ili panya wasivile, akavihifadhi darini, akafunika injini, akampa Kipkurui ufunguo.

"Washa kila Jumamosi. Dakika kumi. Usikanyage mafuta sana."

Alikaa Londiani miezi kumi na minne, hadi tulipomzika mama.

Katika miezi hiyo mbolea ya chai ilifika kama inavyofika kila mwaka, magunia ya kilo hamsini yakashushwa barabarani, nasi tukayabeba. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya stoo yetu. Kipkurui alitazama huku na huku akiwa na gunia begani, na katika boma lote palikuwa na mahali pamoja tu palipojulikana kwa hakika kuwa hapavuji, pana kufuli, na ndani hapana viti. Magunia kumi na moja yaliingia. Tulitumia nusu, na mwaka uliofuata mengine yakawekwa juu ya yaliyobaki. Mawili yalikuwa yamepasuka.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Hufundisha Bomet na kurudi nyumbani kila Ijumaa. Nimewaandikia wanafunzi ubaoni, kwa mwandiko wangu mzuri, jinsi chumvi ya amonia inavyovuta unyevu wa hewani na jinsi inavyokula chuma. Niliyaona magunia yale kupitia kioo, nikafurahi kwamba mbolea yetu iko pakavu. Sina utetezi. Nilikuwa na digrii mfukoni na macho kichwani, na sikuviunganisha.

Siku ya mazishi wageni hawakumwacha Janeffer afike bandani; alirudi moja kwa moja wiki moja baadaye na mizigo ya mama kutoka Londiani, shule zikiwa zimefungwa. Alikwenda bandani kabla ya kunywa chai. Nilimfuata. Alipofungua mlango harufu ilitoka kwanza, kali, ya kuchoma pua, kisha tukaona sakafu imejaa ute wa kijivu.

"Kipkurui," aliita, bila kupaza sauti. "Hii ni nini?"

"Ni mbolea. Ile ilibaki."

"Nani aliiweka ndani?"

"Si ni sisi. Stoo iliangushwa na upepo. Na wewe mwenyewe ulisema haivuji."

"Nilisema haivuji maji."

"Sasa si ndiyo hiyo? Haikunyeshewa hata siku moja. Na chai ilikubali sana mwaka huu, utaona ukishuka shamba."

Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa akimpongeza dada yake kwa kazi nzuri. Janeffer aliutazama mkono wake mwenyewe, uliokuwa bado umeshika kitasa, akauliza kama aliwasha injini.

"Mwanzo niliwasha. Baadaye magunia yalizuia kuingia."

Aliosha gari hilo siku tatu, ndoo juu ya ndoo, hadi maji yakatoka safi upande wa chini. Kwamba maji yalitoka upande wa chini, penye sakafu iliyopaswa kuyazuia, nadhani alilitambua tangu siku ya kwanza, lakini aliendelea kuosha. Siku ya nne alimpigia Opondo.

Opondo ni fundi wa bodi za magari kutoka upande wa ziwa, aliyefanya kazi naye kiwandani na kuondolewa siku moja naye. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akimwita fundi mbele za watu. Humwita pia Nyar Boito, yaani binti wa Boito, kwa Kiluo chao. Alifika na nyundo ndogo, akazunguka gari mara moja, akavua kofia.

"Nyar Boito, nani alikutukana hivi?"

"Gonga kwanza. Utaongea baadaye."

Alilala chali akagonga kuanzia mbele. Sauti ilikuja ya chuma, ting, ting, nami nikaanza kutumaini. Alipofika chini ya mlango sauti ikawa kama ya kugonga boksi. Aligonga tena, taratibu zaidi, na unga mwekundu ukamwagikia kifuani.

"Weka jeki," alisema Janeffer.

"Tusiweke."

"Weka, Opondo."

Akaiweka mahali pake panapofaa, akazungusha. Jeki ilipanda. Gari halikupanda. Jeki ilipita katika sakafu kama kidole katika ugali, ikatokea ndani, mahali ambapo miguu ya dereva ingekaa.

Kisha Janeffer akaingia upande wa injini, akaunganisha betri aliyokuja nayo, akawasha. Ilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili ikaitika, ikatulia, ikanguruma kwa sauti pana, sawasawa, isiyokohoa. Opondo alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Injini ni nzima kabisa."

"Ndiyo maana nakuuliza juu ya bodi. Tuweke viraka."

"Nichomelee wapi? Moto unataka chuma. Hii ni biskuti." Alijipangusa kifua. "Ingekuwa lori, tungetoa bodi tubaki na chesisi, ule mfupa wa chini. Hii gari haina chesisi, na wewe unajua kunishinda. Bodi ndiyo chesisi. Ukitoka nayo hapo barabarani, ukipiga breki, mbele itasimama na nyuma itaendelea."

"Bodi ingine?"

"Ya sabini na tisa? Wewe ulitafuta taa moja miaka mitatu."

Janeffer alizima injini.

Jioni Kipkurui alikuja kuomba msamaha, na nitakuwa mwadilifu kwake: aliomba kweli. Alikaa kwenye kiti kifupi cha mama yake, kikombe mkononi.

"Pole, dada. Sikujua mbolea hula gari. Lakini tushukuru hakuna mtu ameumia. Ni chuma tu, na haikuwa inaenda mahali."

"Nilikuwa nimebakisha breki za nyuma," alisema Janeffer.

"Hata hivyo."

Nimelifikiria neno hilo, hata hivyo, kwa miezi mingi. Kipkurui ana pikipiki. Katika boma letu hakuna mtu ambaye angethubutu kuiegemezea jembe, wala kuanika nguo juu yake, wala kuisogeza kabla ya kumwuliza mwenyewe. Lakini kitu cha mwanamke asiyeolewa, hata kama amekifanyia kazi miaka minane machoni petu sote, bado ni nafasi tupu. Hatukumwibia. Afadhali tungemwibia, kwa maana mwizi hukubali kwamba kitu kina mwenyewe. Sisi tulitazama ndani tukaona mahali pa kuweka vitu.

Nilimfuata jikoni alipokuwa akiosha vikombe, nikamwambia niliyaona magunia.

"Najua, Mwalimu," alisema. "Wewe hufika kila Ijumaa."

Alinipa kitambaa nikaushe.

Gari lilikaa miezi mingine miwili. Sikumwona akiligusa. Halafu wanunuzi wa skrepa walipita na lori lao dogo wakiita kwa kipaza sauti, kama wapitavyo kila mara, na safari hii Janeffer alitoka akawapungia mkono. Walikuwa wanaume wawili kutoka Sigowet, mmoja mnene aliyeitwa Nyang'au, mwingine msaidizi wake mwenye ndevu za mvi. Waliingia na mtungi wa gesi ya kukatia. Nyang'au akapiga shoka kwenye nguzo ya kioo cha mbele, na kioo kikamwagika.

"Ngoja," alisema Janeffer. "Tangi ya petroli mmetoa?"

Walitazamana.

"Mama, sisi hukata tu."

"Mtakufa, na mniulie ng'ombe."

Alilala chini mwenyewe akalitoa tangi, akalibeba hadi mbali na banda. Akatoa injini kwa winchi ya kunyanyulia aliyoitundika bandani miaka ile, akaishusha ndani ya lori juu ya matairi. Kisha akachukua chaki akachora mistari: juu ya paa, chini ya milango, nyuma ya mahali pa viti. Akanyoosha mkono apewe kichwa cha gesi, na Nyang'au akampa bila kubisha. Alivaa miwani. Alikata akifuata chaki, polepole, na kila kipande kilipokaribia kukatika aliwaambia washike wapi ili kisianguke ovyo. Kipkurui alisimama karibu na bomba la maji akitazama. Mimi pia.

Ilimchukua saa mbili. Vipande vilipangana ndani ya lori kama vitabu.

"Mimi nakata miaka tisa," alisema Nyang'au akifunga kamba, "sijaona mtu anakata hivi. Mama, umesomea wapi?"

"Nilikuwa nashika tochi."

Alidhani anatania, akacheka. "Ukitaka kazi, tuna gari nyingi Kericho, zinangoja tu fundi wa kuzibomoa. Nikuachie namba?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpa Janeffer kazi ya ufundi kwa jina la ufundi. Alisimama kidogo, kisha akamwambia aitaje polepole, akaiandika kwa chaki kwenye bati la banda, tarakimu moja moja, kubwa, zilizonyooka.

Namba ingali pale. Mvua haifiki upande huo. Hajapiga simu, na Jumamosi asubuhi tukipita mbele ya banda kwenda kuchuma chai yeye hutazama upande wa pili.