Kifua na Laini ya Pili

Maumivu yalianza nikiwa juu ya lori, nakanyaga pamba. Ilikuwa Ngulyati, kwenye ghala la wakulima, msimu wa kuuza ukiwa umepamba moto. Kazi ile haidai cheti. Pamba inamwagwa ndani ya lori, mnapanda watu wanne, mnazunguka miguu mitupu mkiishindilia mpaka iwe ngumu, kisha inamwagwa nyingine juu yake. Mtu anayetazama kutoka chini anaweza kudhani tunacheza ngoma isiyo na mpigaji.

Siku hiyo kitu kikanishika katikati ya kifua, juu kidogo ya pale mbavu zinapokutana. Hakikuchoma. Kilikuwa joto zito, kama mtu amenibandika kiganja chenye homa na kusahau kukiondoa. Nikasimama. Wenzangu wakaendelea kuzunguka wakinipita kushoto na kulia.

"Mgeni, umeota mizizi?" mmoja akauliza.

"Naangalia mvua."

"Iangalie ukitembea. Pamba haishindiliwi kwa macho!"

Wakacheka, nami nikacheka, nikaendelea kukanyaga. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nilikuwa na wiki tatu pale na bado jina langu lilikuwa Mgeni. Kabla ya hapo nililinda maduka Nyalikungu, na huko pia nilikuwa Mgeni. Niliacha shule darasa la tano kwa sababu nilitaka kujua malori ya ng'ombe yanakwenda wapi. Nilipanda moja, nikajua. Tangu hapo kila nilipolijua jambo moja, lingine lilinivuta mkono, na miaka ikapita hivyo hivyo.

Lakini jambo hili la kifua sikutaka kulijua. Baba yangu alikufa akiwa ameshika pale pale, kwenye mlango wa zizi, nyumbani Mwamapalala. Sikuwepo. Nilikuwa machimboni, simu nimeizima ili chaji isiishe, na nilipoiwasha alikuwa ameshazikwa. Dada yangu, ambaye ndiye peke yake aliyebaki pale nyumbani, aliniambia kwa simu kwamba walinisubiri mpaka jua likawa kali. Kisha akakata. Hatukuongea tena.

Kwa hiyo nilijua, au nilidhani najua, kile kiganja ni cha nani.

Nilikuwa nimepanga chumba Bariadi mjini, nyuma ya soko. Nilipotoka kazini siku ile nilipitia duka la dawa nikaomba za maumivu.

"Maumivu ya nini?" muuzaji akauliza.

"Mgongo. Nabeba mizigo."

Nilidanganya kwa sababu nilijua ningetaja kifua angenielekeza hospitali. Akanipa vidonge, akanionya nisivimeze nikiwa na njaa. Nikaitikia vizuri. Kesho yake alfajiri nikavimeza na maji ya bomba, tumbo tupu, kwa sababu lori halimsubiri mtu anywe uji. Nikafanya hivyo siku zilizofuata. Kiganja kikazidi kuwa cha moto.

Basi nikaanza kutafuta sababu nyingine, yoyote isiyokuwa ya baba. Nikaipata. Mapema mwaka ule, pamba ikiwa bado shambani, nilikuwa kibarua wa kupulizia dawa. Nilibeba bomba mgongoni mashamba kwa mashamba bila hata kitambaa mdomoni. Na huku kwetu kila aliyewahi kupulizia pamba anajua la kufanya akimaliza: unakunywa maziwa kuosha kifua. Hakuna anayekufundisha. Unashusha bomba, unakuta kikombe kimeshaletwa. Mimi msimu ule mara nyingi nilikuwa napulizia kwa watu wasionijua, nikishusha bomba naondoka zangu. Nikajiambia: ndiyo hiyo. Sumu imebaki, haikuoshwa.

Nikaenda kwa mama mmoja anayeuza maziwa karibu na ninapoishi. Nikanywa kikombe kimoja. Sikuwa nimekirudisha kikombe mezani, lile joto likaanza kushuka, likashuka kabisa, kifua kikawa baridi na chepesi. Nilitaka kumkumbatia yule mama. Baada ya saa moja hivi lilirudi. Nami nikarudi. Ikawa ndiyo mwendo wetu, wiki nzima na nyingine: joto, maziwa, nafuu, joto.

"Mwanangu," mama akaniambia siku moja, "huko ndani umefuga ndama?"

"Naosha kifua, mama. Sumu ya pamba."

"Pamba ilipuliziwa lini? Watu sasa hivi wanauza."

"Inatoka polepole."

"Nenda hospitali. Sisi wenyewe tunaouza maziwa tukiumwa tunakwenda huko."

Sikwenda. Nilikwenda kwa muuza nyama. Nikanunua moyo wa ng'ombe, nikamwomba aupasue taratibu nione ndani.

"Unatafuta nini humo?"

"Nataka kuona unavyofanya kazi."

"Huu haufanyi kazi tena, kaka. Ungekuja jana." Lakini aliupasua vizuri, kwa subira, kama mtu anayeonyesha nyumba. Ulikuwa na vyumba. Kati ya chumba na chumba kulikuwa na vipazia vyembamba vyeupe, vimeshikiliwa na nyuzi ngumu kuliko nilivyotarajia. Nikaingiza kidole, nikazivuta. Nilichunga ng'ombe utoto wangu wote na nilikuwa sijawahi kuziona. Nilisimama pale mpaka mteja wa nyuma yangu akaguna. Nyumbani nikauchemsha, nikashindwa kuula.

Nilijidanganya kwamba nachunguza. Kweli nilikuwa naujua moyo wa ng'ombe, naijua sumu ya pamba, najua ng'ombe wa yule mama amekula nini. Kifua changu tu ndicho nilichokuwa nakipitia mbali.

Kilichonipeleka hospitali ni msimamizi wa ghala. Asubuhi moja nilishuka kwenye lori kabla halijajaa, nikaketi chini na kuegemea tairi. Akanitazama akasema, "Hapa sitaki mtu wa kunifia." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasema ukweli wake. Nikavaa viatu nikaondoka.

Kwenye dirisha la mapokezi dada mmoja aliuliza haraka haraka bila kuinua kichwa. Jina. Umri. Unapoishi. Namba ya simu. Nikajibu yote.

"Ndugu wa karibu?"

Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Nilikuwa na kitochi changu mkononi, simu ya laini mbili. Ya kwanza ndiyo ya watu. Ya pili niliinunua kwa ajili ya vijiji ambavyo mtandao wa kwanza haushiki, na hakuna binadamu aliyekuwa na namba yake.

"Kaka yangu," nikasema.

"Namba?"

Nikampa ya laini ya pili.

Daktari alinisikiliza, akanibonyeza, akaniuliza wazazi wangu wako hai. Nilipomweleza baba alivyokufa aliacha kuandika kidogo, kisha akaandika kwa kasi zaidi. "Tuupime moyo kwanza. Kaa pale kwenye benchi, utaitwa."

Benchi lilikuwa limejaa, lakini wagonjwa walikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni wa kushika chupa ya chai, wa kubeba kanga, wa kusema "sogea hapa". Mlango wa kipimo ukafunguliwa akatoka mzee, shati wazi. Mkewe akainuka akamfunga vifungo vya chini, yeye akafunga vya juu, mikono yao ikakutana katikati. Sijui kwa nini ni hilo lililonishinda. Niliinuka nikatoka nje, nikavuka barabara, nikatembea mpaka uwanja wa mpira, nikaketi kwenye nyasi kavu.

Simu ikaita. Laini ya kwanza, namba nisiyoijua. Nikaiacha. Ikaita tena, nikaiacha tena. Ikanyamaza. Halafu ikaita laini ya pili.

Kama ingekuwa ile ya kwanza nisingepokea kamwe. Lakini ile ya pili ilikuwa haijawahi kuita tangu niinunue, na mimi ndivyo nilivyo. Nilipokea kwa kutaka kujua tu.

"Halo, habari za saa hizi." Sauti ya mwanamke. Akataja jina langu. "Naongea na kaka yake?"

Nikaitoa simu sikioni, nikaitazama.

"Halo?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

"Mimi ni nesi, napiga kutoka hospitali. Ndugu yako alikuja leo, ameandikiwa kipimo, ametoka bila kupima. Tunampigia hapokei. Uko naye?"

"Niko naye karibu."

"Anaendeleaje?"

Nilitazama kule golini. Kulikuwa na mbuzi amelala mahali pa golikipa.

"Anaogopa," nikasema, na nikashangaa jinsi neno lilivyotoka bila kunikwama.

"Anaogopa nini?"

"Baba yetu alikufa kwa kifua. Yeye hakuwahi kumzika. Anadhani na lake ni hilo hilo."

"Poleni sana. Sasa kaka, mwambie hivi. Kipimo hakiumi. Analala tu kitandani, tunamwekea waya, dakika chache amemaliza. Kama hawezi kuja peke yake, mlete wewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Utamleta?"

"Nitamleta."

Akakata. Niliendelea kushika simu sikioni. Kisha nikainuka, kwa sababu nilikuwa nimeshaahidi.

Nesi alikuwa mlangoni pa chumba cha kipimo na karatasi yangu mkononi. Nikamtajia jina langu.

"Afadhali umerudi. Kaka yako yuko wapi?"

"Amebaki nje."

Sauti yangu ikanisaliti; ndiyo aliyoisikia kwenye simu. Akanitazama usoni, akatazama ua wa hospitali uliokuwa mtupu nje ya dirisha, akanitazama tena. "Mwite basi aingie, akae na wewe."

Akatoa simu yake, akabonyeza. Mfukoni mwangu kitochi kikaanza kuimba, kwa sauti ya juu kabisa, na watu wa benchi wote wakageuka. Nilingoja acheke au anifokee. Alikata simu, akasogeza pazia, akasema taratibu, "Haya. Ingieni."

Moyo wangu ulikuwa mzima. Daktari alinionyesha kwenye karatasi, milima midogo iliyofuatana, na akaanza kuniuliza mambo ambayo sikuyatarajia.

"Ukila au ukinywa kitu gani kinatulia?"

"Maziwa."

"Halafu kinarudi."

"Umejuaje?"

"Kuna dawa zozote unakunywa?"

Nikavitoa vile vidonge mfukoni. Akavitazama, akavuta pumzi. Akanieleza kwamba kwa anavyoona, si kifua kinachoumwa, ni tumbo, na moto wake unapanda juu. Vidonge vya maumivu juu ya njaa vimelichuna. Maziwa yanalituliza kwa muda, kisha linaamka upya. Angenipima choo, angenipa dawa, ningeacha vile vidonge, na presha yangu angeiangalia nikirudi baada ya wiki mbili, kwa ajili ya habari ya baba. Nilimuuliza kwa nini tumbo liumie kifuani. Nikamuuliza tindikali inatengenezwa na nini. Nilipomuuliza kuhusu vile vipazia vya moyo wa ng'ombe aliweka kalamu chini.

"Mzee wangu, ulisoma mpaka wapi?"

"La tano."

"Mh," akasema, na akanichorea moyo nyuma ya karatasi yangu.

Nilitoka nikiwa mzima, na nikasimama kwenye korido na ule uzima wangu nisijue niuweke wapi. Wote waliotoka ndani walikuwa wanaanza kusimulia hata kabla mlango haujafungwa. Mimi habari yangu nzuri ilikuwa ya mtu mmoja.

Nesi akaniita dirishani. Alikuwa amelifungua faili. "Hii namba naikata. Nipe ya mtu."

Namba ya dada sikuwa nimeihifadhi kwenye laini yoyote. Nilikuwa naijua kichwani. Nilimtajia polepole, naye akaandika polepole.

"Umjulishe kabla," akasema. "Tusije tukamshtua."

Nikapiga nikiwa bado getini. Iliita mpaka nikadhani itakatika.

"Mwadila," sauti ikasalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, dada."

Akaijua sauti yangu. Kisha akaanza, kama inavyotakiwa. Kwetu salamu haziachwi, hata kama nyumbani kuna msiba. Kwanza mnaulizana amani na kujibizana amani mpaka ziishe, habari yenyewe inakuja nyuma. Mhola? Mhola duhu, amani tu. Huko unakokaa? Mhola. Mwili? Nikakwama hapo sekunde moja. Mhola, nikasema. Akanisalimu kwa ukoo wa baba, na mimi nikamrudishia.

Zikaisha. Nikasikia kuku wake, na mtu anatwanga.

"Haya," akasema. "Sema."

"Nimekuandikisha."

"Wapi?"

"Hospitali, Bariadi. Wanataka ndugu wa karibu."

Mtu aliyekuwa anatwanga aliacha.

"Unaumwa nini?"

"Tumbo. Nilidhani kifua."

"Kama baba."

"Kama baba. Wamepima, moyo ni mzima."

Nilitazama simu kuona kama salio limeisha.

"Na huko nyuma," akauliza, "ulikuwa unamwandikisha nani?"

"Hakuna."

Nilidhani atasema jambo kuhusu siku ile ya mazishi, na nilikuwa tayari. Hakusema.

"Sasa kama wameniandika," akasema, "usizime simu."

Akakata kabla sijamuuliza ng'ombe wamebaki wangapi. Chaji ilikuwa imebaki kijistari kimoja. Nikaenda kwa kinyozi anayechajisha simu, nikaketi pale pale kwenye benchi lake, nikaingoja ijae.