Kabari ya Mswaki

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kama jana. Nikiisimulia, moyo bado wanienda mbio. Wakati huo uhuru tumeupata juzi juzi, nami na cheti changu cha sekondari nafanya kazi chumba cha meno, hospitali ya Msambweni. Mimi mtu wa nyumbani, hata kwenda Kombani naiona safari, lakini kwa majivuno nilikuwa nimeshafika Ulaya.

Akaja Bi Mwanasiti wa Majoreni, gego limetoboka ubavuni. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hili ndilo gego langu la mwisho la kutafunia pweza. Ukiliua, utanitafunia wewe!"

Tundu la ubavuni, ujue, halina ukuta. Unalizungushia jino ukanda mwembamba wa chuma, kisha unachomeka kabari ya mti kati ya meno, ukanda ubane penye ufizi. Ndipo unashindilia dawa ya kuzibia. Siku ile kabari zilikuwa zimekwisha. Kuuliza si ujinga, lakini mwenye cheti aulize? Nikatoa mfukoni mswaki wangu wa mti, mpya, wallahi haujaguswa na jino, nikachonga kijiti, nikachomeka. Fundi mimi!

Kumbe mswaki ukilowa mate huwa nyuzi nyuzi. Ukanda ukalegea, dawa ikafurika chini ya ufizi.

Mzee Hamadi, mkubwa wangu wa kazi, akapitisha sindano ya kupimia penye ufizi, ikakwama kwenye dawa iliyofurika. "Ikikauka hivi, ufizi utaoza na gego litatoka. Ondoa yote, ingali laini!"

Mimi nakwangua, jasho lanitiririka. Yeye achonga kabari ya mchungwa, mti mgumu. Akachagua ukanda mpana, uliobinuka kama tumbo la gego. Wangu ulikuwa wa jino dogo. Niliuchukua kwa kuwa ulikuwa karibu!

"Mswaki ni wa kusugulia, bwana msomi, si wa kujengea," akaniambia Mzee.

Tukaziba upya. Mzee akapitisha uzi kati ya meno: ukaingia kwa kubana, ukatoka mzima, dawa haikufurika tena. Nikaruka kwa furaha!

"Haya, mcheza ngoma," akacheka Bi Mwanasiti, "pweza wangu nimle?"

"Kesho, bibi. Leo uji," nikamjibu.

Basi mwanangu, chombo kichague kwa kazi yake, si kwa kuwa kiko karibu na mkono. Ukikikosa, uliza. Na ukikosea, fumua upesi, kosa lingali laini. Mola akupe mikono yenye subira, na mtu wa kukukosoa bila kukuchoka. Amin.