Bibi Eliza Abariki Jembe

Scholastika hakuwahi kumkatalia bibi yake jambo. Mama yake alifariki yeye bado ananyonya, na Bibi Eliza ndiye aliyembeba mgongoni kule kijijini Mungaa, akamlisha uji wa uwele, akamsomesha mpaka chuo kikuu. Kila safari aliyoianza, bibi alimbariki kwa namna yake: sala fupi, kisha mate kidogo, tuu, kwenye kipaji cha uso. Mtihani wa darasa la saba alitemewa, akafaulu. Wa kidato cha nne vivyo hivyo. Matokeo ya namna hiyo, nani atabishana nayo?

Sasa alikuwa na chumba cha maabara mjini Singida, karibu na ziwa la chumvi, na kazi ambayo majirani walishachoka kuiulizia. Kiangazi maji yakipungua, kingo za ziwa hupata wekundu. Wekundu ule ni vijidudu viitwavyo akea, vinavyostawi kwenye chumvi inayoua vingine. Ndani ya vijidudu hivyo mna kimeng'enya, kijimashine kisichoonekana kwa macho, kinachopunguza nyuzi za RNA, yaani nakala za maagizo ya urithi, zilizozaliwa ndefu kupita kiasi ili zifae kwa kazi. Kimeng'enya chenyewe kimeundwa kwa uzi mmoja wa RNA na protini tano. Ajabu ni kwamba protini hazikati. Unaokata ni ule uzi. Lakini uzi ukiwa peke yake hulegea, ukakata kivivu au ukagoma kabisa, mpaka protini ziushike na kuukunja ukae mkao wa kazi. Scholastika alitaka kujua kila protini inaushika wapi, na shahada yake yote ilisimama hapo.

Protini alikuwa nazo za kutosha. RNA ilibaki kichupa kimoja. Vingine viliharibika umeme ulipokatika juma la Pasaka, na dawa za kutengenezea nyingine zilikuwa zimekwisha. Mwalimu wake, Dakta Abraham, alimwambia kwa upole kwamba ufadhili umefika mwisho. Jaribio la Alhamisi likishindikana, maabara inafungwa na yeye arudi nyumbani.

Alhamisi hiyo hiyo Bibi Eliza akatokea mlangoni bila taarifa, kuku kwapani, vumbi la Mungaa miguuni. Alikuwa amesikia kwamba mjukuu ana siku kubwa. Scholastika alivua glavu, akapiga goti, akaamkia kama alivyofunzwa. Kuku akafungwa nje, bibi akakalishwa kwenye kiti, akacheka sana kumwona mjukuu wake amevaa barakoa kama mtu anayekwenda kurina asali. Kisha akataka kujua hiyo kazi ni kazi gani hasa.

Miaka yote Scholastika alishindwa kumweleza. Siku hiyo, akiwa na glavu mpya mkononi na kichupa kimekwisha funguliwa kwenye barafu, maneno yakaja yenyewe.

"Ni kama jembe, bibi. RNA ndiyo jembe lenyewe, protini ni mpini. Jembe bila mpini halilimi, na mpini bila jembe ni fimbo tu."

Bibi alielewa papo hapo. Uso ukamng'aa, na Scholastika akafurahi kupita kiasi, furaha ile inayomfanya mtu asahau kuangalia anapokanyaga. Bibi akauliza jembe liko wapi. Naye akamwonyesha kwa kidole.

Kumbe alikuwa amesahau. Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza, bibi hulaza majembe uani na kuyabariki, na habariki mpini, hubariki jembe. Scholastika aliyaona mashavu yakikusanya mate, bibi akiinama juu ya barafu. Mate yana kimeng'enya chake, kisichochagua, kinachokatakata RNA yoyote kinayoikuta, na tone moja linatosha. Nafasi ya kuweka kiganja juu ya kichupa ilikuwepo. Mkono haukuinuka. Utawekaje mkono kati yako na baraka ya aliyekulea?

"Tuu," alitema bibi. "Jembe la mjukuu wangu likate."

"Asante, bibi," alisema Scholastika, na machozi yakaishia ndani ya barakoa.

Bibi aliyaona macho yale, akadhani ni furaha. Akamchukua kuku wake akaenda kupika.

Scholastika alilifanya jaribio hivyo hivyo, maana hakuwa na lingine la kufanya. Alichanganya protini zote tano, akaongeza ile RNA, akaongeza nyuzi za kukatwa, akasubiri. Picha ya matokeo, ambamo nyuzi nzima huonekana kama mistari, ilipotoka haikuwa na mstari hata mmoja, ukungu mtupu. Jembe lilisagika, na shamba nalo likasagika. Protini tu ndizo zilizobaki salama, na hazikuwa na cha kushika. Alimpigia Dakta Abraham, ambaye hakugomba hata kidogo, na hilo lilimuuma zaidi.

Jioni, kwenye chumba alichopanga Scholastika, bibi alikuwa ameshapakua. Firigisi, ambayo kwao huliwa na mwenye nyumba, aliiweka kwenye sahani ya mjukuu.

"Limekata?" aliuliza.

Scholastika aliutazama ule mdomo mkavu wa kizee, uliomtemea baraka maisha yake yote.

"Limekata, bibi," alisema. "Limekata kila kitu."

Bibi akamshukuru Mungu kwa sauti, akamsogezea sahani. Scholastika akaichukua firigisi, akaanza kutafuna.