Jina la Kwenye Pampu

Shemeji yangu Ambrose Lucian Prater ana majina matatu mazuri, na katika wilaya yetu ya Tolliver, huku Kentucky, hakuna anayeyatumia. Anaitwa Kiazi. Mchungaji anamwita Kiazi, daktari wa ng'ombe anamwita Kiazi, watoto wa kanisani wanamwita Babu Kiazi, na kuna mbwa mmoja kule bondeni aliyepewa jina hilo kwa heshima yake. Mimi sina upande. Dada yangu Oleta ndiye mkewe, nami namwita shemeji, jina lisilomuumiza mtu.

Jina hilo alilipata shuleni, akiwa bado hajaota meno yote ya mbele. Mwalimu alitunga igizo la mavuno, kila mtoto awe zao fulani. Wenzake walipewa mahindi na maboga. Yeye akavalishwa gunia, akawa kiazi. Akajikwaa kwenye kamba ya gunia lake, akaanguka kutoka jukwaani na kubingirika mpaka miguuni pa mwalimu mkuu. Ukumbi mzima ukanyamaza kwa hofu. Ndipo Delmas Fugate, aliyekuwa boga, akapaza sauti: "Kiazi kimebingirika!" Watu walicheka mpaka wakalia, na tangu siku hiyo kiazi hicho bado kinabingirika.

Delmas naye amekua, ameota kitambi, na sasa ni karani wa wilaya. Vyeti vya ndoa, namba za magari na uchaguzi vyote viko mikononi mwake. Kanisani hukaa benchi la nyuma ya shemeji na husalimiana kama Wakristo, lakini shemeji hajawahi kula chakula nyumbani kwake.

Mtu anaweza kusema, jina la utani tu, linamuua? Halimuui. Lakini Ambrose lilikuwa jina la baba yake mdogo, aliyefukiwa na mgodi kabla shemeji hajazaliwa. Baba mtu alimpa mtoto jina hilo ili lirudi nyumbani. Kisha baba mwenyewe akafariki mapema, na jina likakosa wa kulitamka. "Baba aliniachia kitu kimoja tu, Verna," shemeji aliniambia siku moja, "na nimeshindwa kukitunza." Nikamwongezea kahawa.

Kama wafanyavyo wengi huku kwetu, yeye na Oleta wamekwisha kusimamisha jiwe lao kwenye makaburi ya kanisa, majina yamechongwa, bado tarehe za mwisho tu. Alimwonya mchongaji asiweke utani wowote juu ya jiwe.

"Angalau nikiwa chini wataniita vizuri," akasema.

"Na ukiwa chini utaitika?" Oleta akamuuliza.

Sasa, mimi nina duka njia panda, lenye pampu mbili za petroli. Kwenye kila pampu kuna stika ya ukaguzi, na kwenye stika kuna jina kamili la Kamishna wa Kilimo wa jimbo, maana huku kwetu ofisi yake ndiyo inayokagua pampu. Kamishna wa zamani alikuwa amemaliza vipindi vyake na sheria ilimkataza kurudi, kwa hiyo kiti kilikuwa wazi. Asubuhi moja shemeji alikuja kujaza pikapu yake, akaikodolea macho stika ile mpaka petroli ikafurika na kumlowesha viatu.

"Shemeji! Unataka kutuchoma?"

"Kila pampu, Verna," akasema, wala hakutazama miguu yake. "Kentucky nzima. Kwenye pampu hakuna anayeandikwa kwa utani."

Nilidhani ni mvuke wa petroli umempanda kichwani. Kumbe alikuwa amekwisha kuamua. Chama chetu kilikuwa hakina mtu. Chama cha pili kilikuwa na mwanasheria wa mjini, mwenye fedha nyingi na buti mpya zisizojua kinyesi cha ng'ombe. Wakubwa wa chama waliposikia kwamba kuna mkulima wa kweli, mwenye ng'ombe, banda la tumbaku na mke mmoja, walimpokea kwa mikono miwili na hawakumpa hata senti. Shemeji si mjinga. Alijua mapema kwamba jimbo litamshinda.

"Jimbo walichukue," akatuambia mezani. "Mimi nataka Tolliver. Wilaya yangu ikimpigia kura Ambrose Prater, itakuwa imelitamka jina hilo angalau mara moja. Nikipata hilo, nimeshinda."

Fomu ya kugombea humuuliza mtu jina lake lisomeke vipi kwenye karatasi ya kura, na huku kwetu unaruhusiwa kuweka la utani pia. Delmas alifunga safari mpaka dukani kwangu kumshauri.

"Tia Kiazi," akasema. "Katikati hapo, sheria inaruhusu. Mgombea wa kilimo anayeitwa Kiazi! Bwana wee, wenzako wangeinunua bahati hiyo."

"Katika watu wote," shemeji akasema taratibu, "wewe ndiwe wa kunishauri mimi juu ya jina?"

"Nakushauri kama karani."

"Basi karani aende akale maboga."

Delmas akavaa kofia yake, akaondoka bila kuchukua chenji ya soda yake.

Mabango yakachapishwa, ya kijani, yenye maandishi matupu: AMBROSE L. PRATER, KAMISHNA WA KILIMO. Picha alikataa, masikio yake, alisema, ni ya kuonyeshwa nyumbani tu. Kabla juma halijaisha mabango yakaanza kutoweka. Tukamlaani mwanasheria, buti zake na mama yake. Kisha asubuhi moja nikamfuma Bi Hester Caudill, ajuza wa kutembelea mkongojo, akipita mbele ya duka na bunda la mabango kwapani.

"Bi Hester! Unafanya nini na mabango ya watu?"

"Nayang'oa, ndiyo! Huyu Ambrose Prater ni mtu gani asiye na haya? Kiazi wetu anagombea, naye anajileta hapa hapa kumgawanyia kura!"

Kumbuka kwamba ukoo wa Prater hapa ni kama mchwa. Ukitupa jiwe, litampata Prater mmoja, likadunda na kumpata binamu yake.

"Bi Hester, Ambrose ndiye huyo Kiazi."

Alinitazama kwa huruma. "Verna, mwanangu, mimi nilikuwepo Kiazi alipozaliwa."

"Na alipozaliwa aliitwa nani?"

Akafikiri, akafikiri tena. "Ulikuwa wakati wa theluji," akasema, akaenda zake na mabango yake.

Nilimweleza shemeji. Nilimsihi abadilishe, aandike hata kwa kalamu chini ya kila bango. Alikaza shingo kama nyumbu. "Watajifunza," akasema. "Watu wazima hawa."

Kwenye pikiniki ya kanisa ya kiangazi, ile ya kuchoma kondoo, ni desturi wagombea wapande jukwaani na watu wawazomee kadiri ya pumzi zao. Shemeji alipanda, suti yake ya mazishi imembana mabegani.

"Naitwa Ambrose Lucian Prater!"

"Tumesikia!" mtu akajibu kutoka kwenye moshi wa nyama. "Na Kiazi ataongea saa ngapi?"

"Ndiye mimi!"

"Tunajua, Kiazi! Endelea!"

Aliongea vizuri, wallahi. Aliongea juu ya bei ya nyasi kavu, na juu ya vijana wanaouza mashamba ya babu zao wakaenda kupakia mizigo kwenye maghala. Niliona wanaume wazima wakiinamisha vichwa. Kisha wakaanza kupiga meza: "Kiazi! Kiazi! Kiazi!" Aliposhuka, jasho lilikuwa likimtoka.

"Umesikia hata mmoja akilitaja?"

"Nimemsikia mmoja," nikasema.

"Nani?"

"Oleta."

Mungu anisamehe. Oleta ndiye aliyekuwa akipiga kelele za Kiazi kuliko wote, mpaka kofia ikamdondoka.

Novemba ikafika. Sisi tunapigia kura kwenye kituo cha zimamoto, na akina mama wa kanisa huwa hapo nje na maharage na mkate wa mahindi. Shemeji alisimama ng'ambo ya barabara, sheria inakomtaka mgombea asimame, akipungia mkono. Watu walitoka wakimkonyeza.

"Tumekupa, Kiazi!"

"Kalamu yenyewe mbovu, lakini nimekuandika!"

Naye akatabasamu siku nzima. Mwenye masikio ya kusikia angeshtuka hapo, maana huku kwetu mpiga kura haandiki kitu. Anaziba kiduara tu mbele ya jina. Shemeji ana masikio makubwa, lakini siku ile yalikuwa na furaha mno kusikia.

Jioni tukajazana mahakamani, iliko ofisi ya karani, Delmas akasimama na miwani puani. Habari za jimbo zilikuwa zimekwisha kufika: mwanasheria amepita, hakuna aliyeshangaa. Delmas akafika kwenye Tolliver. Akasoma kura za mwanasheria, ambazo hazikuwa nyingi. Akasoma za Ambrose L. Prater, akazisoma kwa sauti ya chini, na nakwambia wapiga kura wale wangeenea kwenye basi moja la shule, na dereva akabaki na nafasi ya kulaza miguu.

Hakuna aliyecheka. Watu walitazamana wakatafutana kwa macho, kila mmoja akijiuliza ni jirani yupi aliyemsaliti Kiazi. Shemeji alivaa kofia yake. "Basi hawalitaki," akasema, akatoka. Sijawahi kumwona mtu akishuka ngazi za mahakama akiwa mzee kiasi kile.

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani kwangu, amekaa na kikombe ambacho hakukinywa. Oleta alikuwa nyuma ya kaunta akinisaidia kupakua mikate na mchuzi. Mlango ukafunguka, akaingia Delmas, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Sikuja kama karani," akasema.

"Hata ungekuja kama malaika," shemeji akasema, "nipishe."

"Nisikilize kwanza. Chini ya majina ya wagombea pana mstari mtupu, wa anayetaka kuandika mtu mwingine. Wamekuandika wewe. Karibu wilaya nzima. Wameandika Kiazi, wameandika Kyazi, Kihazi, Bwana Kiazi, Kiazi wa Oleta. Kuna mmoja hakujua kuandika, akachora kiazi, na macho yake." Akavua miwani, akaifuta. "Sheria inasema jina la kuandikwa halihesabiki mpaka mtu awe amejiandikisha kwa jina hilo kabla ya uchaguzi. Nimelazimika kuzitupa zote. Laiti zingehesabiwa, ungemzika yule wakili hapa Tolliver na buti zake."

Uso wa shemeji ulikuwa unajaribu kukasirika na kufurahi kwa mpigo, ukashindwa vyote viwili.

"Na pale kwetu, zimamoto?" akauliza mwishowe. "Ambrose alipata ngapi?"

"Mbili."

"Moja yangu." Akamgeukia Oleta, na sauti yake ikalainika. "Na ya pili yako, mke wangu."

Oleta aliweka chini sufuria. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Nilikutafuta kwenye ile karatasi," akasema. "Nikakutafuta, juu mpaka chini. Nilikuwa na haraka, maharage yanaungua kule nje... Nikaona hawajakuweka, nikapandwa na hasira, nikakuandika mwenyewe. Kwa herufi kubwa."

"Oleta!"

"Mimi niliolewa na Kiazi! Huyo Ambrose hajawahi hata kunibebea kuni!"

Shemeji akanigeukia mimi. Nilikuwa nasugua kaunta, doa moja sugu sana lililokuwa pale.

"Verna?"

"Usinitazame, shemeji. Kula mkate utapoa."

"Basi ni nani?"

Delmas akakohoa. Alikuwa ameishika kofia kifuani kama mtu aliyeko msibani.

"Ni mimi," akasema. "Lile la utani nilikuvika mimi. Nikaona hili nisipokurudishia mimi, hakuna atakayekurudishia."

Shemeji alimtazama muda mrefu boga yule mzee, kisha akasukuma kiti cha pili kwa mguu wake mpaka kikatoka chini ya meza.

"Kaa, ule," akasema.

Stika mpya zimekwisha kubandikwa kwenye pampu zangu, zina jina la mwanasheria, na shemeji hujaza petroli bila kuzitazama. Delmas tangu siku ile humwita Ambrose, mbele za watu, kwa sauti kamili. Humbidi aite mara kadhaa, maana mwenyewe hageuki.

Masika yaliyofuata alimwita mchongaji makaburini. Mimi na Oleta tulikuwepo tumebeba maua. Majina yake matatu hakuyagusa; chini yake akaamuru lichongwe neno moja tu, kwa herufi kubwa kama za Oleta.

"Kiazi?" mchongaji akauliza. "Wewe si ndiwe uliyesema hakuna utani kwenye jiwe?"

"Chonga, kijana," shemeji akasema. "Siku wakija kunizika, sitaki warudi nyumbani wakidhani wamekosea kaburi."