Wadudu wa Koleo Kwenye Mibuni Yetu

Nilipoolewa Iyula nikitokea Tunduma, mama mkwe aliniambia siku ya tatu tu kwamba mwanamke aliyezoea kununua mahindi sokoni hajui shamba. Miaka kadhaa baadaye bwana shamba akatuelekeza kutandaza majani makavu ya migomba chini ya kahawa, nami nikatandaza mpaka karibu na ukuta wa nyumba. Hapo ndipo vita ilipoanza.

Chini ya majani yale, kwenye udongo wenye unyevu, walijaa wadudu wembamba wa kahawia wenye koleo mkiani. Ukiinua jani wanatawanyika, hawapendi mwanga. Siku moja nilimkuta jike kwenye kishimo, amelalia mayai yake meupe. Nilimgusa kwa kijiti nikidhani atakimbia. Akainua koleo.

"Hao wanaingia masikioni," mama mkwe alisema nyuma yangu. "Wanatoboa mpaka ubongo. Umewaleta mlangoni kwangu."

"Mama, wanakula vidukari wanaofyonza majani ya kahawa. Hawana shida na mtu."

"Unanifundisha mimi? Mimi niliyezaliwa kwenye kahawa?"

Tangu siku hiyo hakugusa chakula nilichopika.

Kisha binti yangu wa miaka minne akaamka akilia, ameshika sikio. Kabla sijamfikia, bibi yake alikwisha kumlaza pajani, kopo la mafuta ya taa mkononi, anataka kuyamwaga sikioni. Nilimpokonya mtoto. Nilimsukuma na yeye, akapepesuka akaangukia kwenye kuni. Sijivunii, lakini hata leo ningemsukuma.

Kwenye zahanati daktari alimulika sikio, akaingiza kibano taratibu, akatoa haragwe lililovimba.

"Watoto ndivyo wanavyocheza," alisema.

Nililifunga kwenye pindo la kitenge kama ushahidi, nikampandisha mtoto mgongoni, nikarudi mbio.

Nilipokaribia nyumbani nikaona moshi. Mama mkwe alikuwa amekwangua matandazo ya mistari mitatu ya juu ya kahawa na kuyachoma. Mibuni miwili ilikuwa imeungua majani. Wadudu walikimbia kutoka kwenye majivu, naye akiwakanyaga kwa kandambili.

Nikamwonyesha lile haragwe. Hata hakuliangalia vizuri.

"Hilo umeliokota njiani."

Nikamgeukia mume wangu, aliyesimama pale na ndoo ya maji. Akasema, "Mama ni mama." Maneno hayo yaliniuma kuliko moto.

"Basi tugawane," nikasema. "Mistari ya juu yako, Mama. Ya chini asiikanyage mtu."

Mume wangu akavuta kamba ya mpaka siku ileile, bila kututazama usoni.

Tunaishi ua mmoja hadi sasa. Salamu zetu anazipeleka mtoto. Asubuhi nasikia fagio lake likiwasukuma wadudu kutoka kizingitini kwake kuja kwangu, nami nawafungulia njia waingie kwenye majani.