Ukucha wa Muuza Miche

Jumamosi, pale sokoni Walthamstow, huku ughaibuni, nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja wa Kizanzibari aliyekumbatia chungu cha asumini kama amebeba mtoto mgonjwa. Asumini yenyewe ilikuwa vijiti vitupu vya kahawia. Baridi ya mwaka huu imeunguza bustani zetu zote.

"Huu umekufa. Nipe mwengine," alimwambia muuza miche, Mkongomani mwenye glavu zilizokatwa vidole.

Yule bwana alikwangua kijiti kimoja kwa ukucha, akamsogezea karibu na macho. Chini ya gome palikuwa kijani kibichi.

"Mama, iko muzima. Usikate, usitie mbolea. Ngojea mwezi wa tano."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Hakuna."

"Hata maji?"

"Kidogo tu."

Mama akanigeukia, kana kwamba duka ni langu. "Nataka kununua, hataki kuuza. Ananambia nende nikakae! Wewe umefahamu?"

Sikufahamu. Nami nilikuja kununua asumini, maana yangu ilikauka, nikaing'oa juzi. Kila mwaka, majira ya baridi yakiisha, nang'oa na kununua upya. Niliona ndiyo desturi ya nchi hii.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikafunua pipa la taka za bustani, nikautoa mche wangu na kuukwangua kwa ukucha.

Kijani.

Nikabaki nimesimama pale na pipa wazi. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikiilaumu baridi.