Nilisema mashine yangu ya stima inakunywa pombe, baba mdogo akaniamini

Wakuu, salamu kwenu wote mlio macho na mlio kazini. Nitaandika ukweli mtupu, hata pale unaponichoma. Mkitaka kunitusi, nisomeni kwanza hadi mwisho.

Mimi ni fundi wa minara ya simu, nakaa Kisumu. Minara mingine huku kando ya ziwa haina stima ya kutegemea, kwa hivyo tunaweka fuel cell badala ya jenereta.

Kwa wasioijua, ni mashine ambayo haiwashi moto wowote. Fuel inaingia upande mmoja, hewa upande wa pili, katikati kuna utando mwembamba. Hidrojeni iliyo kwenye fuel inavunjwa. Elektroni zake haziwezi kupita kwenye utando, zinalazimika kuzungukia kwa waya, na huko kuzunguka ndiko stima yenyewe. Kinachotoka ni maji na joto.

Hidrojeni tupu ndiyo safi zaidi, lakini nani atabeba mitungi hadi Asembo Bay? Sisi tunatumia methanoli, ambayo pia hutoa hewa chafu kidogo. Inakuja kwa jerikeni, ukiiangalia ni kama maji, ukiinusa ni kama spiriti.

Sasa aibu yangu.

Mwezi uliopita tulimzika shangazi huko Asembo. Nilibeba mashine ndogo ya kazini bila kumwambia bosi. Jenereta ya kukodi ilipogoma mbele ya pasta, nikaunganisha yangu na betri, maikrofoni ikarudi, hakuna hata kelele. Watu wakaacha kulia wakaja kuangalia. Wakuu, kichwa kilivimba.

"Nyathina, hii kitu inakunywa nini?" baba mdogo akauliza. Huyu ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, hadi leo huniita nyathina, yaani mwanangu, na chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, hajawahi kuikataa.

Ningesema ni sumu tu, ingetosha. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, na mimi nilitaka wacheke.

"Pombe tu, baba. Kali kushinda yenu."

Wakacheka kweli. Jerikeni ya akiba nikaiacha nyuma ya hema, nikaenda kula.

Asubuhi yake baba mdogo akalalamika tumbo, kichwa, na macho kuona ukungu. Akina mama wakasema ni hangover, apikiwe uji. Mimi nikaenda nyuma ya hema nikainua jerikeni, nikakuta imepungua.

Nilijua pale pale. Lakini nikafikiria kazi yangu, nikajiambia pengine ameonja tu. Nikaketi naye nikimshikia kikombe cha uji, hadi jua likapanda na akaanza kupapasa kikombe kilichokuwa mbele ya uso wake. Ndipo nikamtia kwenye gari tukakimbia Kisumu. Daktari nilimwambia ukweli, pembeni. Akaniuliza mbona hatukuja asubuhi.

Mzee aliishi, macho hayakurudi. Siku moja wodini, mchana kweupe, madirisha wazi, aliniambia, "Nyathina, stima imepotea hapa. Si ulete ile mashine yako."

Hakuwa anatania. Nilitoka nje nikalia.

Funzo: methanoli si pombe ya kunywa, hata kidogo inapofusha na kuua. Ukishuku mtu ameionja, hospitali saa hiyo hiyo, usingoje ukungu wa macho. Na ukielezea watu kitu cha hatari, usitafute makofi.

Jumapili hii ukoo unakutana kunishukuru kwa kumuokoa. Wanaamini ilikuwa chang'aa mbaya, kwa sababu mzee mwenyewe, kila akiulizwa, anasema aliinunua sokoni. Yeye anajua vizuri alikunywa nini, na ni nani aliyemwambia ni pombe.

Ameomba niketi karibu naye, nimshike mkono wakati wa maombi.

Wakuu, nianzie wapi kuwaambia? Semeni, na msinionee huruma.